Aliyekaa Upande wa Kushoto

Tarehe 3 Februari

Kwa Sajini Meja,
Kambi ya Mafunzo

Afande, salamu. Mimi ni mama yake Koplo, yule tuliyemzika mwaka jana wakati wa mafuriko. Najua umezika wengi, kwa hiyo nikukumbushe: mimi ni yule mshonaji. Siku ile ya mazishi watu wote walikuwa wamekaa na mimi nimesimama, ukaingia ndani mwenyewe kunitafutia kiti. Sikukushukuru siku ile. Nakushukuru leo.

Mfuko wake wa jeshini niliupokea. Nguo zote nimezifua isipokuwa shati moja, na sababu yake mzazi yeyote anaijua. Mkanda wake nimeutundika nyuma ya mlango. Kila mlango ukifungwa, bizimu inagonga mbao, ko, kama mtu anayebisha hodi na hataki kusumbua. Mjomba wake anasema niutoe. Siutoi.

Sasa nieleze shida yangu. Nina mwana mwingine, mdogo wake. Nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba. Amejiandikisha jeshini bila kuniuliza. Nilijua kutoka kwa jirani. Nilipomkalisha chini akasema nafasi ya kaka yake haiwezi kukaa wazi. Nikamwambia nafasi ya kaka yake iko hapa mezani, kiti chenyewe hicho, na haijazwi na mtu. Akaendelea kula.

Nimesikia umehamishiwa kambi ya mafunzo, na kwamba neno la mwisho juu ya nani abaki na nani arudi nyumbani ni lako. Afande, mrudishe. Sema ni mfupi, sema kifua chembamba, sema meno. Mjomba wake ni fundi viatu, na yeye anasema kuna vijana hurudishwa kwa sababu nyayo zao ni bapa. Basi sema nyayo. Hatajua kamwe, na mimi sitasema.

Mwenye jicho moja hachezi na mchanga. Sina la kuongeza.

Mama yake Koplo


Tarehe 14 Februari

Mama,

Barua yako nimeipata. Nakukumbuka vizuri, na kiti nakikumbuka, kilikuwa na mguu mmoja mfupi.

Msimu kama huu napokea maombi mengi. Wakubwa wananipigia, wadogo wananisubiri langoni, shemeji yangu ambaye tulikuwa hatusalimiani ameanza kuniuliza hali ya mgongo. Wote wanataka nimwingize mtu. Wewe ni wa kwanza kuniomba nimtoe. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea.

Mama, siwezi kuandika kwamba kijana ana nyayo bapa kama hana. Si kwamba sikuonei huruma. Ni kwamba nikishaandika uongo mmoja kwa sababu nzuri, kesho nitaombwa wa pili kwa sababu nzuri zaidi, na mwisho wake nitawapeleka vijana mahali pa hatari bila kujua nani ni nani. Jeshi si bunduki. Ni mtu kuamini neno la mtu wa mbele yake.

Hili mwanao alilijua. Siku moja aliletewa gari alikague, ambalo mkubwa wetu alikuwa na haraka nalo, akakataa kulipitisha kwa sababu breki zilichelewa kidogo. Akafokewa mbele ya watu. Akasimama wima, akasema, "Ndiyo, afande, lakini halishiki." Akafokewa tena. Akasema vilevile. Tulimwita Halishiki kwa muda mrefu baada ya hapo, na alikuwa akicheka.

Kwa hiyo nakujibu kama ambavyo yeye angenijibu mimi. Kama kuna ukweli wowote unaomzuia kijana, niandikie, nitaufanyia kazi siku hiyohiyo. Uongo sina pa kuuweka.

Sajini Meja


Tarehe 9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimepita! Nipo kambini na nimeshanyolewa, nikijishika kichwa nadhani nimeshika goti. Usilie. Najua unalia. Mwambie mjomba viatu walivyotupa ni vizuri kuliko vyake, aone wivu.

Chakula si kibaya, kazi ni kula haraka. Wewe ulikuwa unanigombeza kwa kula haraka, kumbe ulikuwa unaniharibia maisha ya mbele.

Huyu Sajini Meja aliyekuwa na Kaka makuruta wanamwita Honi. Akisema "Geuka!" ndege wanahama. Mama, hata sikio langu la kushoto linamsikia, nawe unajua lile halijasikia kitu tangu niko mtoto. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi na jambo letu. Kwa daktari tulikuwa wengi na yeye amechoka. Alisema, ziba sikio moja kwa kiganja, rudia ninayonong'ona. Aliposema ziba la kulia, nikaliziba kama mtu anayeziba chungu kinachochemka, nikiacha mwanya. Nikarudia kila neno. Akaandika "safi" bila kuniangalia.

Kwenye mstari najitahidi nisimame mwisho upande wa kushoto, ili watu wote wawe upande wangu mzuri. Nikishindwa natazama mabega ya wa mbele. Bega halidanganyi, linaanza kabla ya mguu.

Hapa wanamheshimu Kaka. Wakijua mimi ni nduguye wananisalimia mara mbili. Honi peke yake ndiye hasemi kitu, ananiangalia tu.

Tafadhali mpe dereva wa lori la mboga ule mkanda wa Kaka aniletee. Najua uko nyuma ya mlango.

Mwanao,
Kitinda


Tarehe 20 Machi

Afande,

Umemchukua. Sikulaumu, ulishaniambia utafanya nini na umefanya hivyo. Watu wa namna hiyo ni wachache, ingawa leo ningefurahi zaidi kama ungekuwa mmoja wa wale wengi.

Uliniuliza kama kuna ukweli wowote unaomzuia. Hakuna.

Mkanda nimeutoa nyuma ya mlango na kuutuma. Sasa mlango unafungwa kimya. Nilidhani nitapumzika, lakini naufungua na kuufunga tena kama mtu asiye na kazi, na kazi ninayo, sare za shule zimejaa hadi juu ya kitanda. Mjomba wake alikuja akanikuta nikifanya hivyo. Alikaa akapiga misumari kwenye kiatu ambacho hakikuhitaji misumari.

Nina ombi moja tu, na hili si la uongo. Barua niliyopewa na jeshi ilisema mwanangu alifariki akiwa kazini. Nimeisoma hadi mikunjo yake imechanika. Akiwa kazini gani? Alikuwa anafanya nini kwa mikono yake? Watu wote siku ya mazishi walinitazama kama wanaojua, na hakuna aliyesema. Kama nimekupa wa pili, afande, nieleze basi jinsi wa kwanza alivyokwenda. Nina haki ya kujua njia kabla mwingine hajaifuata.

Mama yake Koplo


Tarehe 2 Aprili

Mama,

Nimeanza barua hii mara kadhaa. Mimi ni mtu wa amri, maneno yangu ni mafupi, nayo yakiwa mafupi hapa yataonekana makali. Nisamehe.

Tulikuwa tunahamisha watu waliozingirwa na maji. Wanakijiji tulishawavusha. Lori letu la mwisho, lenye askari na mahema, lilizimika katikati ya daraja la chini, maji yakaanza kupanda hadi kwenye magurudumu. Nilikuwa ng'ambo. Niliamuru wote washuke na kushika kamba. Amri ilikuwa sahihi na ilitoka kwa wakati, nimeulizwa hilo na wakubwa na nimejiuliza mwenyewe.

Walishuka wote isipokuwa mmoja. Kijana mgeni jeshini alikuwa nyuma kabisa, ametupa mgongo, ameng'ang'ania turubai lisipeperuke. Wenzake walimwita. Hakugeuka. Maji yalikuwa yananguruma na lori lingine lilikuwa linajaribu kulivuta letu, injini ikilia kwa nguvu zote. Wakaanza kumtukana. Mmoja akasema ameganda kwa woga, mwacheni, atatuua.

Mwanao alikuwa ameshafika kwenye kamba. Alimtazama yule kijana mara moja tu. Akasema, "Huyu haogopi. Hajasikia."

Akarudi. Hakupiga kelele. Alipanda, akamgusa bega. Yule kijana akageuka, akaona, akaruka, wakamvuta. Mwanao alikuwa wa mwisho kutoka, kama kawaida ya kiongozi, na lori halikumsubiri, lilisombwa na maji.

Nimekuwa jeshini karibu maisha yangu yote. Sote tulimwona kijana yule, na sote tuliona woga. Mimi pia niliona woga. Yeye peke yake aliona kingine. Hadi leo sijui alikitoa wapi.

Hatukukueleza kwa sababu yule kijana alikuja msibani. Ndiye aliyeshika kona ya jeneza upande wa miguu, akalia hadi ukamletea maji ya kunywa kwa mkono wako. Baada ya kuona hivyo hatukuwa na moyo wa kukwambia maji yale umempa nani. Sasa umejua. Ukimchukia sitashangaa, lakini ni kijana mzuri.

Sajini Meja


Tarehe 11 Aprili

Afande,

Simchukii. Mwambie siku akipata ruhusa apite, nimshonee suruali. Nakumbuka ile aliyovaa ilikuwa inamburuza.

Umesema hujui mwanangu alikitoa wapi. Mimi najua. Hakukitoa jeshini, afande. Alikitoa hapa.

Kitinda alipokuwa bado wa kubebwa alishikwa na homa, sikio la kushoto likatoka usaha wiki nzima. Daktari alisema tushukuru amebaki hai, tukashukuru. Sikio lile halijasikia tena. Yeye aliona aibu tangu anaanza kuelewa, na hakutaka mtu ajue. Shuleni mwalimu alimwita kutoka dirishani, hakuitika, akasema mtoto ni mkaidi, akamsimamisha juani. Kaka yake alikuwa darasa la juu. Akatoka bila ruhusa, akaenda hadi kwa mwalimu, akasema, "Si mkaidi. Hajasikia." Akasimamishwa juani naye, wakasimama wawili.

Toka siku hiyo alikaa upande wa kushoto wa mdogo wake. Njiani, mezani, kitandani. Mtu akisema kitu upande ule, yeye anakirudia kwa sauti ya kawaida kana kwamba ni neno lake. Akitaka kumwita hapigi kelele, anamgusa bega. Nilikuwa nikiwatazama kwa nyuma wakienda kuteka maji, nikawa najua nani ni nani hata wakiwa mbali, kwa sababu ya upande.

Mjomba wao alikuwa akitania kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini Kitinda atabaki na miguu yote, maana ana mkuu wa kumsikilizia.

Uliponiuliza kama kuna ukweli nilisema hakuna. Nilikuomba uongo wa nyayo huku ukweli wa sikio ninao kabatini. Nieleze kwa nini. Uongo ule ungekuwa wangu na wako. Ukweli huu ni wa Kitinda, ndio kitu pekee alichoniomba nimtunzie tangu azaliwe. Nikiutoa, nimempata na nimempoteza.

Lakini nimekaa na barua yako. Nimemfikiria yule anayeshuka lorini na yule anayebaki nyuma. Siku moja Kitinda ndiye atakayekuwa nyuma ameshika turubai, na atakayerudi kumgusa bega atakuwa mtoto wa mama mwingine, mwenye sare za kushona au mkate wa kuoka. Huyo mama simjui, na siwezi kumfanyia hivyo.

Basi nimekuambia. Sikuombi umfiche kwamba ni mimi. Nilitaka kuomba, nimeshaijua tabia yako.

Mama yake Koplo


Tarehe 25 Aprili

Mama,

Nilisema ukweli ukija nitaufanyia kazi siku hiyohiyo. Nimeufanyia, lakini si kwa neno lako peke yake. Mtu haondolewi kambini kwa barua ya mamaye. Ilibidi nione.

Sikutaka pia kumwita peke yake mbele ya wenzake. Niliagiza makuruta wote wapimwe masikio upya, na safari hii mimi na daktari mwingine ndio tulioziba kwa viganja vyetu. Mmoja wa kwanza kushindwa hakuwa wako. Alikuwa mpwa wa mkubwa mmoja, masikio yake yote mawili ni ya mapambo. Naye amerudishwa, na simu ofisini kwangu haijapoa tangu jana. Nimewajibu wote kwa maneno ya marehemu: Ndiyo, afande, lakini halishiki.

Kitinda alipofika, nilisimama upande wake wa kushoto. Unajua wananiita Honi, wanadhani sijui. Nilimziba sikio la kulia sawasawa, nikasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hata mke wangu haijui kama ninayo. Nilimwambia, "Umefaulu. Nenda kachukue mfuko wako, unaanza kazi leo."

Hakusogea. Alikuwa anatazama mbele, wima kabisa, bega halikutikisika. Kwenye gwaride angepata alama zote.

Nikaondoa kiganja, nikahamia upande wa kulia, nikamweleza ukweli. Akauliza, "Mama amekuandikia?" Nikamjibu ndiyo. Ningeweza kunyamaza, lakini kijana aliyekuwa anasimama mbele yangu wiki zote hizi akiamini sauti yangu hakustahili sauti ya uongo siku ya mwisho.

Nilimweleza pia habari ya daraja, yote, hadi neno lile la kaka yake. Hilo hakuwa analijua. Alivua mkanda, akaukunja taratibu, akauweka mezani kwangu, akatoka. Nimempa dereva aurudishe kwako.

Kwa ukweli mwingine ambao hukuniuliza: ni kuruta bora niliyempata mwaka huu. Ameficha udhaifu kwa kuwa makini kuliko wote. Nimemwandikia barua ya kumsifia kwa kazi yoyote atakayoomba isipokuwa hii ya jeshi. Nimechoka, mama. Mwisho wa mwaka nastaafu. Nitakwenda nyumbani nijifunze kusema polepole.

Sajini Meja


Tarehe 30 Mei

Afande,

Kitinda alifika salama. Mkanda nao ulifika, umerudi nyuma ya mlango. Unabisha kama zamani.

Nilichelewa kuandika kwa sababu sikuwa na habari. Mtu alirudi lakini hakurudi. Alikuwa akitoka asubuhi kabla sijaamka kumsaidia mjomba wake gundi na nyuzi, anarudi, anakula. Mezani alihamia kona, sikio lake la kulia likawa ukutani na la kushoto upande wangu. Nikiongea nilikuwa naongea na ukuta. Afande, sikujua mtu anaweza kununa kwa sikio. Nilitaka kucheka na sikuweza.

Siku ya tatu au ya nne nikajaribu kumweleza. Akanikatiza, akasema, "Ungeniambia mimi kwanza." Mjomba alikuwepo, hakuinua kichwa kutoka kwenye kiatu, akamwuliza, "Kwa sikio lipi?" Nilidhani wataparurana. Kitinda akamtazama, akainama, nikaona mabega yanacheka ingawa uso umekataa. Hakuniambia neno hata hivyo.

Yule kijana wa turubai alikuja juzi. Nimemshonea suruali. Alikaa mlangoni, hakujua aweke wapi mikono. Kitinda aliporudi nikawatambulisha, sikuzunguka, nikasema huyu ndiye. Wakatazamana. Yule kijana akaanza kuomba msamaha, sauti yake ndogo sana, tena kwa upande mbaya. Kitinda hakupata hata nusu. Akasema, "Njoo huku, upande huu sisikii." Afande, ameyasema mwenyewe, mbele ya mgeni, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Nikaenda jikoni, nikasimama tu huko. Waliongea hadi chakula kikapoa. Sikuuliza wameongea nini.

Jana, wakati wa kula, niliingia na sinia nikakuta Kitinda ametoka kona. Amekaa mahali pake pa zamani. Upande wake wa kushoto kile kiti cha kaka yake alikuwa amekivuta nyuma kidogo, kama mtu anayemfungulia mwenzake njia. Hakuniangalia. Nilisimama na sinia mkononi hadi ikaanza kuniunguza.

Nikaweka sinia, nikakaa hapo kushoto kwake. Kiti kile hakikuwa kimekaliwa tangu mwaka jana. Nikamwambia ahsante. Hakusikia, ndilo sikio lile.

Nikamgusa bega, akageuka.

Mama yake Kitinda